Kyeyo, Viza na Makaratasi: Maswali Mnayoniuliza Kila Siku

Niko Busia upande wa Uganda, kibanda changu cha kufotokopi hakiko mbali na mpaka, na kila siku kuna mtu anaingia na kitambulisho mkononi anaomba kopi mbili, halafu anainama kidogo anauliza kwa sauti ya chini, kaka, eti mtu akitaka kwenda kyeyo (kufanya kazi nje ya nchi) anaanzia wapi. Nimejibu mpaka koo limekauka, sasa nimeandika. Mimi si wakili wala ajenti, nilienda mara moja nikarudi vibaya (nitaeleza huko mbele) na mengine nimejifunza kwa kuwajazia watu fomu. Mambo ya viza hayatulii, ndiyo maana nimeweka miaka, ukiona mwaka umeshapita sana cheki tena kwenye websaiti ya ubalozi kabla hujauza ng'ombe.

Nchi gani ni rahisi kupata viza ya kazi?

Hili ndilo swali namba moja na ndilo linaloharibu watu, kwa sababu ukiingia kwa ajenti ukauliza nchi rahisi atakutajia nchi anayouza yeye wiki hiyo. Uliza hivi: hii viza inanifunga kwa nani, na nani anailipia?

Viza nyingi za kazi zinashikwa na mwajiri. Yeye ndiye anaomba ruhusa serikalini kwao ya kukuleta, na wewe ukiachana naye viza inaanza kufa. Saudi Arabia, Dubai, Qatar, Uingereza, Kanada ile ya LMIA (ruhusa anayoomba mwajiri, nitaieleza), zote ziko hivyo, tofauti ni jinsi kamba ilivyokazwa tu. Kuna za aina nyingine ambazo wanakupima wewe mwenyewe, umri, shule, lugha, uzoefu, wanakupa pointi, na hapo huhitaji bosi kwanza. Halafu kuna ya masomo ambayo inakuruhusu kufanya kazi masaa kidogo. Na kuna Afrika Mashariki hapa hapa ambayo watu wanaidharau, nitairudia.

Kwa hiyo kama huna diploma wala lugha, zinazokupima zimekufungia mlango kwa sasa, usidanganyike. Kama una cheti kizuri cha ufundi au nesi au kompyuta na uko chini ya miaka 35, usikimbilie kulinda geti Uarabuni kabla hujaangalia huko kwingine.

Nikienda na viza ya kutembelea halafu nitafute kazi nikiwa hukohuko si ni sawa?

Hapa ndipo yalinikuta. Mwanzoni mwa 2023 nililipa shilingi milioni nne za Uganda kwa mtu mmoja aliyekuwa na ofisi nzuri Kampala, viti vya ngozi, picha ya ndege ukutani, akaniambia kazi ya usikuriti Dubai iko tayari. Nilipopewa viza nikaona imeandikwa ya kutembelea, nikauliza, akasema wote wanaingia hivyo, kampuni itabadilisha ukifika. Nikafika Deira, mtaa wa Dubai, tukalala watu kumi chumba kimoja, kitanda juu ya kitanda, na kampuni yenyewe haikuwepo. Simu ya yule mtu ikazima. Viza ikaisha, na pale ukikaa zaidi ya siku zako unadaiwa faini dirham 50 kila siku, kwa hiyo ukiamka asubuhi hujafanya chochote deni limepanda. Kaka yangu ndiye aliyetuma pesa ya faini na tiketi. Kibanja changu kule Tororo mpaka leo kina mahindi ya mtu mwingine.

Sheria yenyewe iko wazi: viza ya kutembelea haikuruhusu kufanya kazi hata siku moja. Ni kweli wapo wanaobadilishiwa wakiwa ndani ya Emarati (nchi yenye Dubai), hilo lipo kisheria, lakini anayebadilisha ni mwajiri aliyekubali kukuajiri, si wewe wala ajenti. Kama huyo mwajiri yupo kweli, mbona asikuletee kibali cha kazi ukiwa bado kwa mama yako? Hilo swali ningeliuliza mimi.

Na Ulaya ni hivyohivyo. Viza fupi ya Schengen (zile nchi za Ulaya zenye viza moja) inakupa siku 90 ndani ya siku 180, ada yake euro 90 tangu Juni 2024, na ni ya kutembea, kwenda mkutano au kuona ndugu. Ya kufanyia kazi ni viza ndefu ya nchi yenyewe. Mtu akikwambia "viza ya kazi ya Schengen miezi mitatu", fungua mlango utoke.

Paspoti inachukua nini?

Fomu ni onlaini kwenye websaiti ya paspoti ya serikali, unahitaji namba yako ya NIRA (ile ya kitambulisho cha taifa), unalipa shilingi 250,000 kwa ya kawaida, unapewa siku ya kwenda kupigwa picha na alama za vidole. Kampala ni Kyambogo, na kuna ofisi Mbarara, Mbale na Gulu. Inadumu miaka kumi. Ukitaka ya haraka unaongeza pesa, lakini unailipa kwa njia ileile ya serikali na risiti yake, si kwa kijana wa nje ya geti. Na hakikisha majina kwenye kitambulisho, paspoti na vyeti vya shule yanafanana herufi kwa herufi! Nimeona Nekesa wa kitambulisho amekuwa Nekessa wa cheti, na kurekebisha kukamla miezi.

Nitajuaje kampuni ya kupeleka watu nje ni halali?

Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii ndiyo inayotoa leseni, na ina mfumo wa onlaini unaitwa EEMIS. Humo kuna orodha ya kampuni zenye leseni, na kazi zenyewe zinatakiwa ziwe zimepitishwa na wizara, yaani kampuni iwe na oda ya kazi iliyokubaliwa, si leseni tu. Watu wengi wanaishia kwenye leseni. Unakuta kampuni ina leseni safi kabisa lakini kazi anayokuuzia yule wakala wao wa mtaani haipo popote kwenye mfumo.

Wakala wa mtaani ndiye ugonjwa wenyewe. Anakuja kijijini na pikipiki, anajua shangazi yako, anasali kanisa lenu au msikiti wenu, anachukua laki tano hapa na laki tatu kule. Hana leseni, anapeleka majina tu na kulipwa kwa kichwa. Pesa lipa kwenye akaunti ya benki ya kampuni, upate risiti yenye jina la kampuni. Mobile money ya mtu binafsi usitume, hata kama ni mjomba.

Sasa nisemee hapa kwetu Busia kwa sababu tunaona. Wasichana wanaletwa asubuhi na basi kutoka Kampala, Jinja, Iganga, wanavushwa kwenda Nairobi kupandia ndege huko. Ukiuliza wanasema eti tiketi ya Nairobi ni bei nafuu. Sio bei nafuu. Entebbe wanaweza kuulizwa karatasi za wizara, na hawana, ndiyo maana wanazungushwa. Mtu akikwambia utapitia Busia au Malaba kwenda kupanda ndege wakati Entebbe ipo, jua hata akiwa na leseni, wewe hakupeleki kwa leseni hiyo. Likikupata baya huko, jina lako halipo kwenye mfumo wowote na kampuni itasema haikujui. Hiyo inaingia kwenye sheria ya kuzuia biashara ya kusafirisha watu ya 2009, na kuna ofisi ya kupambana nayo Wizara ya Mambo ya Ndani.

Dada yangu anataka kwenda Saudi kazi za ndani. Nimwache?

Mtu mzima humzuii, ila msaidie kusoma. Uganda na Saudi Arabia zilianza na makubaliano 2015, mwaka uliofuata Uganda ikasimamisha kupeleka wafanyakazi wa ndani kwa sababu ya malalamiko, ikafungua tena 2017. Kwa njia halali mkataba unapita kwenye mfumo wa Saudi unaoitwa Musaned, na mshahara wa dada wa Uganda umekuwa ukitajwa kuanzia riyal 900 kwa mwezi, mkataba wa miaka miwili. Viza, tiketi na ikama (kile kitambulisho cha kuishi) ni juu ya mwajiri. Kwa hiyo mtu akimwambia dada alipe milioni tatu "ya viza" ya kazi za ndani, hiyo pesa inalipwa mara mbili, bosi Riyadh ameshalipa na dada naye analipa.

Kanuni zao mpya za kazi za nyumbani zilizoanza Oktoba 2024 zinasema umri usipungue 21, kazi isizidi masaa kumi kwa siku, siku moja kamili ya kupumzika kwa wiki, na bosi haruhusiwi kushika paspoti. Hayo ni ya kwenye karatasi. Ndani ya nyumba ya mtu nani anahesabu masaa? Wadada waliorudi wananiambia kuna nyumba nzuri na kuna nyumba za jehanamu, na huwezi kujua kabla. Yale mageuzi ya kazi ya Machi 2021 yaliyowaruhusu wafanyakazi wengi kuhama bosi, wa ndani hawakuhusishwa, kwa hiyo kamba ya kafili (bosi anayekudhamini) kwao bado imekazwa kuliko ya dereva au fundi.

Neno moja ajue kabla ya kuondoka: huroob. Akitoka kwenye nyumba bila utaratibu, bosi anaweza kumripoti kwamba ametoroka, na tangu hapo ikama yake haina maana, akikamatwa anafungwa na kurudishwa. Ndiyo maana akiteswa akimbilie ubalozi wa Uganda Riyadh au polisi, asiende kwa Mganda anayemwahidi kazi ya vibarua kwa siri. Wizara inataka apate mafunzo kabla ya safari, asiyaruke, na asome mkataba kabla ya kusaini, kwa lugha anayoielewa. Mkataba wa Kiarabu peke yake asisaini. Apige picha kila ukurasa awatumie nyinyi nyumbani.

Na Dubai na Qatar kwa wanaume?

Qatar iliondoa 2020 ile barua ya ruhusa ya bosi wa zamani kama unataka kuhama kazi, na tangu Machi 2021 mshahara wa chini ni riyal 1,000, na kama bosi hakupi chakula na pa kulala anaongeza 300 na 500. Emarati sheria yao ya kazi ya 2021 inakataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, iwe moja kwa moja au kwa kumzungusha. Kila ofa ya kweli ya sekta binafsi inapita wizara yao ya kazi, MOHRE, na ina namba unayoweza kuicheki. Vipimo vya afya vya nchi za Ghuba vinapangwa kupitia mfumo wa Wafid, zamani tulikuwa tunauita GAMCA. Usipime kabla hujaona mkataba, unapoteza pesa.

Nimeona TikTok wanasema Uingereza kazi ya kutunza wazee bado ipo.

Hiyo video ni ya zamani au ya mwizi. Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imefunga kuleta watunza wazee wapya kutoka nje. Walioko ndani tayari ndio wana utaratibu wao. Na hata kabla ya hapo, tangu Machi 2024 walikuwa hawaruhusiwi kuleta mke au mume na watoto.

Viza kubwa ya kazi inaitwa Skilled Worker. Tangu Julai hiyohiyo inataka kazi ya kiwango cha digrii, isipokuwa chache zilizo kwenye orodha maalum, na mshahara wa kuanzia pauni 41,700 kwa mwaka au kiwango cha kazi hiyo, kinachozidi ndicho kinachohesabiwa. Wapo wenye nafuu, kama kazi za afya za serikali na vijana wanaoanza kazi, lakini si mtu wa kufagia. Mwajiri lazima awe na leseni ya sponsa na orodha ya masponsa iko wazi onlaini, mtu yeyote anaisoma. Anakupa Certificate of Sponsorship, na hapa sikilizeni vizuri: hiyo si karatasi yenye mhuri na taji la mfalme. Ni rekodi kwenye kompyuta yao yenye namba. Nimeletewa hapa kibandani "cheti" cha rangi, kimelaminetiwa kabisa, mama wa watu kalipa milioni 25 na SACCO inamdai. Nilishindwa hata kumwangalia usoni.

Ukiomba viza ya zaidi ya miezi sita unapimwa kifua kikuu, Kampala ni kwa IOM (shirika la uhamiaji la Umoja wa Mataifa), na cheti kinadumu miezi sita. Kuna ada ya matibabu pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, wa afya wamesamehewa. Na sponsa wako akinyang'anywa leseni, kwa kawaida unapewa siku 60 kutafuta mwingine au uondoke. Watu wengi wa kyeyo wameumia hapo hapo, kampuni imefungwa, deni la nyumbani halijafungwa.

Mimi ni nesi, nasikia Waganda tumekatazwa Uingereza?

Hujakatazwa dada. Uganda iko kwenye orodha ya WHO (Shirika la Afya Duniani) ya nchi zenye upungufu wa wahudumu wa afya, iliyotolewa upya 2023, na Uingereza inafuata kwamba mawakala wao wasije hapa kuvua manesi. Lakini nesi mwenyewe akiona tangazo akaomba moja kwa moja kwa hospitali, hiyo ni ruhusa. Kwa hiyo wakala anayekwambia "nakupeleka NHS" (hospitali za serikali ya Uingereza) yeye ndiye amekatazwa. Wewe anza na mtihani wa lugha na usajili wa baraza lao la manesi.

Ajenti ana LMIA ya Kanada, anataka milioni 15.

LMIA ni ruhusa anayoomba mwajiri wa Kanada kuonyesha kwamba amekosa Mkanada wa kufanya kazi hiyo. Mwajiri analipa dola 1,000 za kwao, na haruhusiwi kukutoza wewe hata senti ya hiyo. Ikishatoka, wewe ndiye unaomba kibali cha kazi kwa ada ya dola 155, na alama za vidole dola 85. Jumlisha mwenyewe uone milioni 15 inaenda wapi.

Njia nyingine ya Kanada ni Express Entry, ipo tangu 2015, na hii ni ya kukupima. Huhitaji ajenti wala ofa ya kazi, kufungua profaili ni bure. Unafanya mtihani wa Kiingereza wa IELTS, ule wa General Training, digrii yako inalinganishwa na za kwao, unapewa pointi. Umri unalipa zaidi kati ya miaka 20 na 29, kuanzia 30 pointi zinaanza kushuka kila mwaka. Kama huna ofa lazima uonyeshe akiba, kwa mtu mmoja ni zaidi ya dola 15,000 za Kanada, na iwe yako kweli, si ya kuazima wiki moja. Tangu Machi 2025 ofa ya kazi haiongezi tena pointi kwenye mfumo huo, kwa hiyo biashara ya kuuza "ofa ya kuongezea pointi" imekufa, ingawa wauzaji hawajaambiwa. Kifaransa kinasaidia sana, wanaita watu wa Kifaransa peke yao kwenye raundi zao.

Nina diploma ya umeme kutoka taasisi ya hapa, Ujerumani inawezekana?

Kwa maoni yangu hii ndiyo njia ambayo vijana wa ufundi wanaipita bila kuiona, kwa sababu inahitaji kusoma lugha na sisi tunataka ya wiki mbili. Ziko mbili. Ya kwanza ni Ausbildung, yaani unakwenda kufundishwa kazi miaka miwili mpaka mitatu na nusu, nusu darasani nusu kazini, na unalipwa posho kila mwezi. Mara nyingi wanataka Kijerumani cha B1 (ngazi za lugha zinaanza A1 chini kabisa, B1 ni ya kati, B2 iko juu yake). Kampala kuna Goethe-Zentrum wanafundisha.

Ya pili ni Chancenkarte, ilianza tarehe 1 Juni 2024. Unakwenda mwaka mmoja kutafuta kazi ukiwa ndani, kihalali, na unaruhusiwa kibarua cha masaa 20 kwa wiki. Lazima uwe na digrii au mafunzo ya ufundi ya angalau miaka miwili yanayotambuliwa na serikali ya huku, Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2, na pointi sita za umri, uzoefu, lugha na kadhalika. Kinachowakwamisha wengi ni akaunti iliyofungwa: kwa kiwango cha 2025 ni euro 1,091 kwa kila mwezi, mwaka mzima unazidi euro 13,000. Ni pesa nyingi, ndiyo. Ila hiyo pesa inabaki yako na unaitoa kidogokidogo ukiwa kule, haimezwi na mtu. Mimi nililipa milioni nne zikamezwa zote.

Marekani?

H-1B, viza ya kazi ya wataalamu, ni 85,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, mwajiri ndiye anaomba, na Septemba 2025 Rais Trump aliweka ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya watu walio nje. Mwajiri gani atakulipia hiyo? Ile bahati nasibu ya green card (karatasi ya kuishi kule moja kwa moja) ilisimamishwa Desemba 2025; kabla ya hapo ilitaka uwe umemaliza sekondari au uzoefu wa kazi miaka miwili, ukijiingiza mara mbili ulitupwa, na hakuna ajenti aliyeweza kuongeza nafasi. Mambo ya huko yamebadilikabadilika sana tangu 2025, kwa hiyo usilipe mtu chochote kabla hujasoma kwenye websaiti ya ubalozi wao wa Nsambya.

Kuna kazi ya data entri Thailand, dola 1,000, tiketi wanalipa wao.

Usiende. Vijana wengi, Waganda wakiwemo, wameitwa Bangkok kwa maneno hayohayo wakavushwa usiku mpaka Myanmar, upande wa Myawaddy, wakafungiwa kwenye majengo ya kutapeli watu kwa simu na kompyuta. Tiketi ya bure si dalili nzuri kila mara.

Kwa nini watu hawazungumzii Kenya na Rwanda?

Kwa sababu hakuna wa kula pesa yako katikati! Soko la pamoja la Afrika Mashariki lilianza tarehe 1 Julai 2010, na itifaki yake inampa mfanyakazi haki ya kwenda kufanya kazi nchi mwanachama. Ukishasaini mkataba wa kazi unaomba kibali ndani ya siku 15 za kazi, na wao wanatakiwa wakitoe ndani ya siku 30, cha mpaka miaka miwili, unarenyu. Uganda, Kenya na Rwanda zilifutiana ada za vibali, na tangu 2014 unavuka kwa kitambulisho cha taifa tu. Tanzania ni ngumu zaidi, ilifungua kwa taaluma fulani.

Utasema mshahara wa Nairobi si wa Doha. Sawa, lakini toa deni la ajenti, toa miaka miwili bila kuona watoto, halafu tuhesabu upya. Fundi wa hapa Busia, kijana wa kujenga, anavuka anafanya kazi Kisumu na wikiendi nyingine anakula chapati kwao. Ila wengi wanavuka bila kibali kwa sababu "sisi ni ndugu", polisi wakiwakamata wanalia. Kibali ni bure, kichukueni.

Juba nako tangu Oktoba 2021 Mganda haulizwi viza. Kibali cha kazi ni jambo jingine, mwambie mwajiri alipe.

Mimi ni mkimbizi kutoka Kongo, niko Kyangwali. Naweza?

Ndiyo mzee wangu. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inakuruhusu kufanya kazi hapa na kuomba hati ya kusafiria ya wakimbizi. Si kila nchi inaipokea kwa viza ya kazi, uliza ubalozi kwanza. Kupelekwa nchi ya tatu kupitia UNHCR (shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa) ni bure tangu mwanzo mpaka mwisho, anayekuomba pesa akuweke kwenye listi ni mwizi hata akivaa kizibao cha buluu. Na Kifaransa chako usikiache, soma tena hapo juu kwenye Kanada.

Nikienda kama mwanafunzi si nitafanya kazi?

Kidogo. Uingereza masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo, Kanada 24 tangu Novemba 2024, Ujerumani siku nzima 140 kwa mwaka. Haitoshi kulipa karo, wacha kutuma nyumbani. Kama huna wa kulipa karo hii njia itakuvunja.

Nasser Road wananitengenezea bank statement kwa laki moja, sio shida eh?

Ni shida. Barabara hiyo inajulikana kwa karatasi za kughushi mpaka kwenye balozi. Uingereza wakikukuta na karatasi ya uongo wanaweza kukufungia miaka kumi, Kanada miaka mitano. Bora ukataliwe kwa umaskini wa kweli, maana huo unaweza kuutibu ukaomba tena kesho.

Nimekataliwa viza, nifanyeje?

Soma barua. Watu hawasomi barua, wanakimbia kuomba tena na karatasi zilezile. Sababu imeandikwa, irekebishe, na ukiomba tena mahali popote wakikuuliza kama umewahi kukataliwa sema ndiyo.

Nikikwama huko nje?

Kabla ya kuondoka acha nyumbani kopi za paspoti, viza, mkataba, jina na simu ya kampuni na ya bosi. Uganda ina balozi Riyadh, Abu Dhabi na Doha. Kampuni yenye leseni iliyokupeleka ina wajibu juu yako, ndugu zako waende ofisini kwao na wizarani na hizo kopi, wasiishie kulia kwenye WhatsApp. IOM nao wamesaidia watu kurudi. Asiye na kopi hata moja, tunaanza kwa kubahatisha jina la mtaa, na nimefanya hivyo mara tatu nikiwa na mama wa mtu amekaa kwenye hilo benchi langu.

Wewe unachaji ngapi?

Kopi shilingi 200, kuskani 1,000 kwa ukurasa, kujaza fomu 10,000 na ukae hapo unione ninachojaza. Maswali ni bure mpaka saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo nafunga, na simu za saa tano usiku sishiki.